Kumvika Shujaa Kofia ya Chuma, na Watu Wakamjua

Kwenye rafu ya chumba changu cha kushonea, hapa Langoni, Lamu, ziko kofia za chuma kumi na mbili zisizo na hata chembe ya chuma. Ni magazeti ya zamani, uji wa unga wa ngano na rangi ya fedha. Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule ndizo zinilishazo. Lakini kila vijana wa mtaa wanapotaka kuigiza, mavazi huwa ni juu yangu, na hadithi huwa ni juu ya mtoto wa kaka yangu. Yeye anaandika, mimi navika. Katika yote tuliyowahi kubishana, hakuna lililotupozea chai mara nyingi kama kichwa cha shujaa. Yeye anakitaka wazi. Mimi nakitaka kifunikwe.

Maneno haya ni kwa anayeandika hadithi ya vita, anayeichora, au anayeitia jukwaani. Nataka uone kwa nini mkono wako utakwenda wenyewe kumvua shujaa kofia, na namna ya kuuzuia.

Nianze na siku niliyomvua mimi.

Igizo lilikuwa la Faza, mji ulioko kisiwa cha Pate, ambao safari yake kutoka hapa kwetu hufuata maji kujaa na kupwa. Mwaka 1587 Wareno walikwenda na jeshi kuwaadhibu watu wa pwani walioshirikiana na Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Faza waliichoma, wakaua watu wake, wakakata minazi, na kichwa cha mtawala wa mji wakakipeleka Goa, huko India. Ukishaisoma habari hiyo huwezi tena kuona kilichokuwa juu ya kichwa cha mtu kuwa ni urembo wa mavazi.

Katika maandishi ya kwanza Wareno wote walikuwa na kofia za chuma, na shujaa wetu, kijana wa Faza, alikuwa kichwa wazi. Nikasema huyu ni mwana wa watu, hata kama hana chuma hatatoka kupigana bila kilemba. Nikamfunga kilemba cha haki, kitambaa kirefu kilichozunguka kichwa mara nyingi mpaka kikawa kinene kama mto wa kulalia, na ncha yake nikaipitisha mdomoni kama afanyavyo baharia wakati wa upepo. Kilemba kinene si pambo tu. Upanga ukikishukia, kitambaa hula sehemu ya nguvu yake kabla haujafika kwenye mfupa.

Jioni ya mazoezi, mama yake yule kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa. Vita vikaanza, vumbi likapanda, naye akanigeukia akaniuliza, “Wangu ni yupi?”

Nikaona mambo yameharibika. Kama mama mzazi hamjui mwanawe, mgeni aliyesimama nyuma atamjuaje? Kesho yake nikamvua kilemba. Siku hiyo hiyo fimbo ya mwenzake, mojawapo ya zile za kuchezea kirumbizi, ikateleza ikampasua juu ya nyusi. Nilikuwa nimesimama pembeni, kilemba chake kiko mkononi mwangu, na ni kilemba hicho hicho nilichomzuilia damu. Alishonwa nyuzi tano. Mamake hakunilaumu hata kwa neno moja, na mpaka leo najua angekuwa na haki.

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili kuliko ninavyofikiri watu wengi wamelifikiria, na hapa ndipo nilipofika.

Ukitaka kumvua shujaa kofia, jiulize kwanza unamvua kwa ajili ya nani. Kwenye filamu, uso wa mwigizaji ndio uliolipiwa. Kamera inataka macho, inataka kidevu kikitetemeka, inataka sauti isiyomezwa na bati. Tena vita ni fujo, na mtazamaji asipomwona mtu wake kwa haraka, moyo wake unabaki hauna pa kukaa. Yako na mazoea pia: kichwa wazi husomwa kuwa ni ushujaa, na kilichofunikwa husomwa kuwa ni jeshi tu, watu wa kuangushwa. Zitazame sababu hizo moja moja. Zote ni za mtazamaji, au za mwenye filamu. Hakuna hata moja iliyo ya shujaa. Yeye hajui kama anatazamwa. Yeye anajua kwamba kuna mtu mwenye upanga mbele yake, na ana kichwa kimoja.

Huko Towton, Uingereza, mwaka 1996 wajenzi walifukua kaburi la pamoja la watu waliouawa vitani mwaka 1461. Karibu mafuvu yote yalikuwa na majeraha, mengine majeraha kadhaa katika fuvu moja. Mwenye silaha hutafuta kichwa, na kila aliyewahi kupigana alilijua hilo.

Kwa hiyo kazi yako ni kuigeuza haja ya mtazamaji iwe haja ya shujaa mwenyewe. Ukitaka tuuone uso wake, ndani ya hadithi yenyewe pawe na mtu au jambo linalomlazimu auonyeshe.

Mambo hayo yapo, na yametokea. Mwaka 1066, katika vita vya Hastings, ilienea habari kwamba William, mtawala wa Normandy, ameuawa, na watu wake wakaanza kuvunjika. Akainua kofia yake ya chuma ili wamwone. Pazia la Bayeux, lile refu lililotariziwa hadithi ya vita hivyo, linamwonyesha akifanya hivyo. Hebu fikiri: kofia za watu wale zilikuwa na kipande kimoja tu cha chuma kinachoshuka juu ya pua, na bado watu wake hawakuwa na uhakika ni yeye. Hapo uso unafunuliwa kwa sababu jeshi linakimbia, na gharama yake ni kwamba adui naye ameuona.

Mfano wa pili ni Hector wa Troy katika masimulizi ya Wayunani. Anataka kumbeba mwanawe kabla ya kurudi vitani, mtoto analia kwa kuogopa kofia na manyoya yake yanayoning’inia. Hector anacheka, anaivua, anaiweka chini, ndipo anambeba. Hakuna mpiganaji pale, wala hakuna upanga. Mtunzi ametupa uso wa shujaa katika wakati wa amani, tukautia moyoni, kisha akamwacha aondoke na kofia yake. Mimi hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyomfundisha mtoto wa kaka yangu.

Na sisi tuliosomeshwa sira, habari za maisha ya Mtume, madrasa tunayo iliyo juu ya hizo. Siku ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, uvumi ulipita kwamba Mtume (S.A.W.) ameuawa. Sahaba Kaab bin Malik ndiye aliyemtambua, na alimtambua kwa macho yake yaking’aa chini ya kofia ya chuma. Akapaza sauti kuwabashiria Waislamu, na Mtume akamwashiria anyamaze. Siku hiyo hiyo pete mbili za kofia hiyo zilimwingia shavuni, na Abu Ubaida akazing’oa kwa meno yake mpaka meno ya mbele yakamtoka. Habari hii si ya kuigiza, na wala hatuigizi. Naitaja kwa kuwa ndani yake mna jibu lote: kofia ilibaki kichwani, na aliyempenda alimjua.

Sasa, watamjuaje wako?

Mpe alama, na alama hiyo tuione kabla vita havijaanza. Hamza, ami yake Mtume, siku ya vita vya Badr alijulikana kwa unyoya wa mbuni kifuani. Abu Dujana siku ya Uhud alijifunga kitambaa chekundu kichwani. Maakida wa Kirumi walivaa taji la manyoya lililolala kutoka bega hadi bega, tofauti na wengine, ili askari wao wawaone kwa nyuma. Mabwana wa Kijapani walipachika mapambo makubwa mbele ya kofia zao: pembe, mwezi mchanga, jani. Watu wa vita wenyewe walikuwa na tatizo lako, na hawakulitatua kwa kuvua.

Kwetu nilitumia kitambaa cha kikoi, chekundu chenye mstari wa manjano. Katika tendo la kwanza mama wa shujaa anakaa kwenye baraza, anachana kikoi cha marehemu mumewe, anampigia mwanawe kilemba kwa mkono wake, uso wa kijana ukiwa wazi mbele ya watu wote. Tulilipa tendo hilo dakika nne nzima. Mtoto wa kaka yangu alisema ni ndefu. Nikamwambia, “Acha. Dakika hizi nne ndizo uso wake wa baadaye.” Vita vilipoanza, hata mtoto wa chekechea alikuwa anafuata ile rangi.

Rangi pekee haitoshi, kwa sababu vumbi na jioni huila. Ongeza mwendo. Kila mtu ana namna ya kutembea ambayo hawezi kuificha, na usimbunie mwigizaji mwendo mpya. Mtazame anavyokwenda dukani, kisha mwambie auzidishe kidogo. Yule kijana wetu huburuta mguu wa kushoto akichoka. Tukauacha uburute. Tulipoigiza kwenye uwanja wa ndani wa Ngome, mama yake alikuwa amekaa mbele vile vile. Sikumwangalia yule kijana hata kidogo, nilimwangalia mama. Aliinua kidole mara moja tu, akasema, “Yule.” Na uso ulikuwa umefunikwa mpaka chini ya macho.

Ongeza na sauti, kama ni jukwaa: neno moja analolisema yeye tu. Mchoraji atatumia mkao wa mabega badala ya sauti.

Chagua pia kofia ya wakati wake, maana mara nyingi ukweli utakusaidia. Wareno wa miaka ile ya 1580 walivaa kofia iitwayo morioni, yenye upanga wa bati, kama ule wa jogoo, katikati ya utosi na ukingo unaopanda mbele na nyuma kama dau. Uso wote uko wazi! Nilikuwa nimewafunika Wareno wangu mpaka kidevuni bila sababu, kwa kuiga picha za watu. Na yapo majeshi ambayo kweli hayakuwa na chuma kichwani: ukiandika vita vya 1914, mvike Mwingereza wako kofia ya kitambaa, kwa sababu kofia za chuma Wafaransa na Waingereza walianza kuzivaa 1915, na Wajerumani 1916. Hapo kichwa kisicho na chuma ni kweli, na kinauma zaidi kwa kuwa ni kweli.

Nilifika hapo kwa Wareno, na sitaki nipite haraka.

Ukimwacha shujaa wako na uso na ukawafunika maadui wote, umeshawaambia watu nani ni mtu na nani si mtu. Kuua kunakuwa rahisi. Nilimwomba mtoto wa kaka yangu aandike tendo moja ambalo Mreno, kijana wa miaka kumi na saba, anavua kofia yake kwa joto na kuomba maji. Akanijibu kwa ukali kidogo, “Shangazi, unataka tuwalilie Wareno?” Nikamwambia, “Nataka watu wa Faza wawe wameuawa na watu, si na masufuria.” Alinyamaza siku mbili. Kisha akaliandika, na likawa ndilo tendo ambalo ukumbi wote ulikuwa kimya. Watu hawakumsamehe yule kijana. Waliona kwamba ana macho, na ana kiu, na bado alichoma nyumba.

Kiu na joto, kwa njia, ndizo sababu nzuri kuliko zote za kumvua mtu kofia ukihitaji kweli kumvua. Wasimulizi wa vita hivyo hivyo vya Towton husema Lord Dacre alivua kofia anywe maji, na mshale ukampata hapo hapo. Msomaji wa pwani, aliyepanda ngazi na ndoo ya maji mwezi wa pili, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa wewe unayeandika kwenye karatasi bila kuigiza, nina neno la peke yako. Kwenye karatasi hakuna uso. Hakuna kamera ya kuilisha, hakuna mtu wa nyuma asiyeona. Ukimvua shujaa wako kofia ndani ya kitabu umeazima tatizo la watu wa filamu, na hulihitaji. Wewe una kitu wasichokuwa nacho: unaweza kuingia ndani ya kofia pamoja naye.

Nilipotaka kujua humo ndani kukoje, niliazima helmeti ya mwendesha bodaboda wa Mokowe, ile yenye kioo, nikaivaa saa sita mchana, nikapanda ngazi za nyumba yetu mpaka darini mara tatu mfululizo. Fanya hivyo kabla hujaandika sentensi moja ya vita. Nilisikia pumzi zangu kama mtu mwingine amenilalia begani. Adhana ya adhuhuri niliisikia kama inatoka chini ya maji. Jasho liliniingia jicho la kulia, na mkono ukapanda kulifuta ukagonga kioo. Shingo ilianza kuniuma mara ya pili ya kupanda, na mara ya tatu nilikuwa namwona tu aliye mbele yangu. Paka aliyepita ubavuni sikumwona hata nilipomkanyaga mkia. Hayo yote ni yako. Mwandishi aliyemvua shujaa wake kofia ameyatupa. Andika jasho ambalo haliwezi kufutwa. Andika kwamba alijua rafiki yake ameanguka kwa kuwa upande wa kushoto palikuwa na mwanga ambapo kabla palikuwa na bega.

Nitasema pia lini mimi mwenyewe nakubali kichwa wazi. Fumo Liyongo wetu hakuhitaji chuma. Mwili wake ndio uliokuwa chuma, haukupenya mkuki wala mshale. Lakini waliotusimulia habari zake hawakutuachia hapo. Walimpa kitovu. Sindano ya shaba ikimwingia kitovuni, anakufa, na siri hiyo aliijua mwanawe, na mwanawe ndiye aliyeitumia. Kila tukimsikiliza Liyongo tunajua pale pako wazi. Basi ukimvua wako kofia kwa kuwa ana nguvu zipitazo za watu, mpe kitovu, na mpe mtu anayejua kilipo. Ukimnyima vyote viwili, kofia na kitovu, hakuna atakayemhofia asiumie, na asiyehofiwa hivyo hapendwi sana.

Sasa kazi ya mikono, kwa anayetaka kuzitengeneza. Neno chapeo, tunalolitumia kwa kofia ya vita, tulilipata kwa Wareno hao hao, ambao kwao ni kofia yoyote tu. Mimi huwaambia vijana hilo tunapokaa kubandika, wanapenda kulijua. Tafuta bakuli la plastiki linalokaa vizuri kichwani mwa mwigizaji, si mwako. Lipake mafuta ya nazi kwa nje. Pika uji wa unga wa ngano mwepesi, utie chumvi kidogo ili usiote ukungu, uache upoe. Chana magazeti vipande vya upana wa vidole viwili, vichovye, uvipange tabaka moja wima, la pili mlalo, mpaka tabaka saba. Usimalize siku moja: tabaka tatu, anika darini, kesho tatu, anika, kisha ya mwisho. Ukiharakisha, ndani itabaki mbichi na itanuka. Toa bakuli. Ukingo na upanga wa juu ukate kwenye boksi gumu, ubandike kwa tabaka mbili zaidi.

Ndani shona bitana yenye sponji unene wa kidole, kuzunguka paji la uso na utosini. Hii usiiruke hata kama pesa zimeisha. Hata kilemba sasa nakitia sponji katikati ya mikunjo, na hakuna anayeijua ipo ila mimi na anayekivaa. Masikio yaache wazi wasikie maelekezo yako, na toboa matundu manne madogo nyuma ya upanga wa juu, hewa itoke. Kabla ya kupaka rangi, mvike, kisha mwambie aseme maneno yake yote kutoka mwisho wa ukumbi. Ukipoteza hata neno moja, kata ukingo upunguze, wala usimwambie apige kelele.

Baada ya onyesho bitana zitakuwa zimelowa jasho. Zibandue ufue, na kofia zenyewe zianike kivulini, si juani, jua huzipinda. Kisha ziweke juu, mbali na ardhi. Panya wa Langoni wanaupenda unga wa ngano, na nimeshapoteza mbili.